Kuku 16 na mbuzi 2 ndani ya wiki 3: jibu kwa mama wa Mugunga

Mama,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla sijagusa habari ya kuku, nakuomba jambo moja lifanyike leo, jua lisizame kabla: funga njia ya kushuka kwenye lile shimo nyuma ya choo. Weka miba, weka mawe, weka mbao za zamani, chochote ulicho nacho. Mtoto asishuke kuokota mpira, na wewe mwenyewe usishuke kutafuta kamba iliyobaki kule chini. Sababu nitaieleza.

Wasomaji wengine wajue ulichoandika. Unakaa Mugunga, hapa Goma, upande wa kuelekea Lac Vert, kwenye parseli (kiwanja) ya mita 15 kwa 20 juu ya mawe ya volkano. Ulikuwa na kuku 14 na mbuzi 4. Mwisho wa Desemba kijana wako alileta matetea 3 kutoka soko la Kituku, ya bei ya chini. Siku ya 6 mmoja wao akaanza kuhema mdomo wazi, na ndani ya siku 10 kuku 16 wakawa wamekufa. Amebaki mmoja, shingo imepinda. Wiki iliyofuata, asubuhi baada ya mvua, mkakuta mbuzi jike na mtoto wake wamekufa shimoni, kamba ingali shingoni, bila damu wala povu. Mbuzi 2 waliolala juu karibu na jiko walikuwa wazima. Sasa watu wa avenyu wanamtaja jirani ambaye mligombana mwezi wa Novemba kwa ajili ya lengalenga (mchicha) zake zilizoliwa na mbuzi, eti ameweka sumu. Unauliza kama umpeleke kwa shefu, na kama ukianza tena uanze na dawa gani.

Katikati ya barua umeandika kitu ukakipita haraka: kwamba pale shimoni mlikuta pia mijusi miwili imekufa, na kijana alipoinama kufungua kamba alisikia kizunguzungu, akapanda juu kutapika. Mama, hayo maneno mawili, mijusi na kizunguzungu, yananiambia zaidi ya mengine yote. Mtu akitaka kuua mbuzi kwa sumu hahangaiki na mijusi. Na sumu iliyoliwa na mbuzi usiku haimpi kijana kizunguzungu asubuhi kwa sababu tu ameinama.

Hiyo ni mazuku. Jina unalijua, umekulia hapa. Lakini nimeona watu wengi wa Goma wanaolijua jina na bado wanadhani ni habari ya porini, ya njia ya Sake, ya mahali penye kibao cha onyo. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini kabisa, kule kwenye moto wa volkano zetu, na kutokea kwenye nyufa za mawe. Mugunga, Bulengo, Lac Vert, Keshero, Himbi, mpaka kuelekea Sake, huko kote inajulikana kutokea. Haina rangi, wala pua haiinusi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatenda kama maji: inatelemka, inatafuta bonde, inajaa kwenye shimo na kutulia. Mchana jua likiwaka na upepo wa ziwa ukivuma inatawanyika. Usiku ukiwa na baridi na upepo umelala, inajaa tena. Baada ya mvua huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana mbuzi wako wamekutwa asubuhi, na asubuhi ya baada ya mvua.

Sasa fikiria urefu. Mtu mzima akisimama kwenye shimo la kina cha mita moja, kichwa chake kiko juu, kwenye hewa safi, haoni tabu. Mbuzi kichwa chake kiko kwenye usawa wa paja lako, na akilala kinashuka mpaka chini. Mtoto wa mbuzi ndiyo kabisa. Kwa hiyo shimo lile lile ulilopita jioni ukamfunga mnyama na kurudi ukiimba, linaweza kumuua saa tisa za usiku bila kupiga kelele. Hewa hiyo ikiwa nyingi, sehemu 10 kwa mia na kuendelea, mnyama anazimia upesi, hana nafasi ya kuvuta kamba. Ndiyo maana hukuona majani yaliyochimbwa kwa kwato wala alama za kuhangaika.

Na sasa fikiria mtoto wa miaka minne ameketi pale anacheza.

Mbuzi akianguka mahali kama hapo, asishuke mtu kumwokoa. Huko ndiko watu wanakokufa wawili wawili: mmoja anaanguka, mwingine anashuka kumvuta naye anaanguka. Kamba iwe ndefu, ivutwe kutoka juu, mkiwa mmesimama wima na upepo ukitokea nyuma yenu. Ninyi mliponea kwa sababu kijana alipanda juu upesi. Mshukuruni Mungu kwa hilo.

Kuna wanaopima kwa kushusha mshumaa au koroboi kwa kamba. Moto ukizimika, umepata jibu. Ukiendelea kuwaka, bado hujapata jibu, kwa sababu mwali huvumilia kiasi cha hewa hiyo kinachotosha kumlevya mtu. Tena ukipima saa sita za mchana utakuta shimo halina hewa hiyo, halafu usiku linajaa. Mimi huangalia viumbe wadogo. Mahali penye mijusi, panzi au ndege waliokufa bila kuliwa na kitu, napahesabu kuwa pabaya hata mshumaa ukiwaka vizuri. Waambie nyumba kumi wenu, na mpeleke habari OVG, wale wachunguzi wa volkano, kwa sababu wao ndio wanaozifuatilia sehemu za namna hiyo katika mji.

Ukweli ni kwamba sikuukata mzoga, na anayejibu kwa barua lazima afikirie mengine pia. Mbuzi anaweza kufa ghafla akila mahindi au unga mwingi kwa mara moja. Tumbo linachachuka na vijidudu vya utumbo vinatoa sumu yao wenyewe. Anaweza kufa kwa maganda mabichi ya muhogo mchungu. Kuna tumbo kujaa gesi upande wa kushoto mpaka ngozi inalia kama ngoma. Kuna na kimeta, ugonjwa ambao damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma. Mwezi wa Aprili 2025 huo ndio ulioua viboko wapatao 50 katika mbuga ya Virunga. Ungeniambia damu, ningekuandikia barua nyingine kabisa: usimpasue, usimguse kwa mkono mtupu, ita veterineri. Lakini hapa hakuna damu, tumbo halikujaa, wawili wamekufa mahali pamoja usiku mmoja huku wenzao waliokula majani yale yale mita chache juu ni wazima. Umesema nyama hamkula, mmeichoma. Mlifanya vizuri.

Kwa hiyo jirani yako hahusiki. Nalisema kwa uzito wote, kwa sababu najua maneno ya sumu yanavyokwenda katika kartie zetu na yanavyoweza kuishia. Usimpeleke kwa shefu. Mwite, msimame naye pale juu, mwonyeshe shimo bila kushuka. Parseli yake iko upande wa chini wa yako, umeandika mwenyewe. Kama hewa hii inajaa kwako, kwake inaweza kujaa zaidi, na yeye ana watoto wadogo. Habari hii ni yake kama ilivyo yako.

Tuje kwa kuku. Vifo vyao ni habari nyingine kabisa, havikuhusiana na shimo, na vingekuja hata kama ungekaa Bukavu au Lubumbashi.

Kuhema mdomo wazi, kinyesi cha kijani, mabawa kuning'inia, shingo kupinda mpaka kuku anaangalia mgongo wake, kundi zima kuisha ndani ya siku 10: hiyo ni Newcastle. Wenzetu wa Tanzania wanaita kideri. Husababishwa na virusi, na dawa ya kuiponya haipo. Narudia kwa sababu umeandika kwamba uliwapa tetra, zile kapsuli za sokoni, na baadaye maji ya pilipili na majivu. Tetra inapigana na bakteria, haigusi virusi. Umetumia pesa yako na kapsuli ambazo mtu mgonjwa angezihitaji, na kuku wakafa siku ile ile ambayo wangekufa. Sikulaumu, kila mtu sokoni anauza tetra kama jibu la kila kitu.

Ugonjwa uliingia na wale matetea 3. Tangu kuku ameshikwa mpaka dalili zinaonekana mara nyingi ni siku 5 au 6, na inaweza kufika wiki mbili. Mwisho wa mwaka kila mtu anatafuta kuku wa sikukuu, kuku wanatoka Masisi, Rutshuru, Idjwi, Minova, wanakutana kwenye kikapu kimoja. Na mtu ambaye kuku wake wameanza kufa nyumbani hufanya nini? Anakimbiza waliobaki sokoni, bei chini, ili asipoteze vyote. Ndiyo ile bei nafuu ya Kituku. Kuku mzuri wa bei ya chini mwezi wa Desemba, mimi namwogopa.

Umesema unataka kununua wengine mwezi huu. Usinunue. Ngoja wiki 4 tangu kuku wa mwisho alipokufa. Katika wiki hizo toa mbolea yote ya banda, kwangua sakafu, choma manyoya yaliyobaki, osha kwa maji na sabuni, kisha paka chokaa kuta na vijiti vya kulalia. Jua liingie. Kuku waliokufa wasitupwe ziwani wala jalalani. Kwenye mawe yetu kuchimba kaburi ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo wachomwe mpaka wawe majivu. Na nawa mikono baada ya kuwashika, maana virusi hivi vikiingia machoni kwa mtu hufanya macho kuwa mekundu siku chache.

Baada ya hapo kila kuku anayeingia kutoka nje akae peke yake siku 14, mbali na wenzake, na chombo chake cha maji. Hata akiwa zawadi ya mkwe.

Ulichouliza kuhusu dawa, jibu langu ni chanjo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa Goma chanjo ina adui ambaye watu hawamwoni. Ni maji yetu.

Chanjo ya Newcastle tunayotumia kwa kuku wa nyumbani ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ikifa, unawanywesha kuku maji matupu. Na maji mengi ya mji huu yana klorini, kwa sababu ya kipindupindu; unajaza bidoni kwenye bomba, au kuna mtu pale ziwani anakutilia dawa. Klorini inayoua vijidudu vya kipindupindu inaua na chanjo, ndani ya dakika chache. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilichanja kuku wa avenyu nzima kwa maji ya tanki, kwa haraka, bila kuuliza yametiwa nini. Baada ya miezi miwili kuku wote wakafa, na mama mmoja akaniambia mbele ya watu kwamba chanjo ndiyo iliyowaua. Kuku wake walikufa kwa sababu hawakuwa wamechanjwa, na kosa hilo lilikuwa langu. Ilinichukua muda mrefu watu wa pale kuniamini tena.

Tangu siku hiyo kwa kuku wachache nachagua tone la jicho. Unachanganya chanjo na maji yake maalumu, unamshika kuku, unamdondoshea tone moja kwenye jicho moja, unangoja apepese, basi. Hakuna kubahatisha kama huyu alikunywa na yule hakunywa. Ukilazimika kutumia maji ya kunywa, tumia ya chemchemi, au yatilie maziwa ya unga yasiyo na mafuta, karibu gramu 2 na nusu kwa lita, uyaache robo saa kabla ya kutia chanjo. Maziwa huifunga klorini. Chombo kiwe cha plastiki, kisiwe na sabuni. Kuku wasipewe maji kwa muda wa saa mbili au tatu kabla, ili wayanywe yote upesi.

Kuna aina ya chanjo inayovumilia joto kidogo, inaitwa I-2, na kuna ile ya kawaida ya LaSota. Kwa yoyote utakayopata, muulize anayekuuzia aliiwekaje. Kama friji yake inazimika kila siku umeme unapokatika na hana barafu, usinunue. Ibebe ndani ya termosi yenye barafu. Wauza samaki wanayo. Ukishaifungua imalize ndani ya saa mbili, iliyobaki usiiweke kwa kesho.

Shida ni kwamba kichupa kidogo mara nyingi ni cha kuku 100 au zaidi, na wewe utakuwa na 6. Ndiyo maana nakuambia uongee na jirani yako, tena na mama wengine watano au sita wa avenyu. Changeni feranga, pangeni siku moja asubuhi, kuku wawe bado ndani. Chagueni tarehe na mrudie kila baada ya miezi 3. Kwenye kalenda ya ukutani mzungushie kalamu Novemba mwanzoni, ili chanjo iwe imeshika kabla ya purukushani za Desemba. Kuku wako akichanjwa na wa jirani asipochanjwa, wa jirani ataleta ugonjwa mpaka mlangoni. Parseli zetu hazina ukuta wa kuzuia kuku. Mkiwachanja, wachanjeni wazima tu. Kuku aliyekwisha kuanza kuhema chanjo haimsaidii.

Sasa kuanza upya. Anza na mahali watakapolala, dawa zitafuata. Wanyama wote uliopoteza, wa ugonjwa na wa hewa, walipotea kwa sababu ya mahali walipolala na waliyelala naye.

Banda la mbuzi lisiwe shimoni wala kwenye bonde la parseli. Simama parseli yako wakati wa mvua uangalie maji yanatelemkia wapi. Hewa mbaya nayo inaelekea huko huko. Banda liende upande ule mwingine, wa jiko, pale waliponea wale 2. Nguzo kwenye mawe haziingii, kwa hiyo fanya kama mafundi wetu wanavyofanya nyumba za mbao: panga mawe ya volkano kama miguu, weka boriti juu yake. Sakafu iwe juu kama mita moja, ya fito zilizoachana sentimita moja na nusu hivi, kinyesi kidondoke na kwato zisinase. Kwa mbuzi mmoja mkubwa hesabu mita moja na nusu ya mraba. Paa la manjanja (mabati), upande wa upepo uzibwe, upande mwingine uwe wazi. Kuinua huku kunamtoa mnyama kwenye unyevu, kunamwepusha na minyoo, na kunaweka pua yake juu ya kile kinachotambaa chini usiku. Lakini kuinua hakutoshi mahali ambapo shimo limejaa kabisa. Mahali pabaya ni pabaya, hata ukijenga ghorofa.

Mbolea itakayodondoka chini usiitupe. Juu ya mawe haya udongo ni mali. Changanya na maganda na majivu kidogo, jaza magunia, panda lengalenga na vitunguu ndani ya gunia. Mpe jirani yako gunia moja la mbolea. Alipoteza lengalenga mwezi wa Novemba na hakuna aliyemlipa, kama nimesoma vizuri.

Chakula cha mbuzi usikifanye kigumu. Matembele, maganda ya ndizi, majani yanayoletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, matete. Mvike kengele kama unampeleka kando ya njia, usimfunge akabaki anatafuna sashe za plastiki, maana zinakaa tumboni hazitoki, na mbuzi anakonda huku tumbo ni kubwa. Maganda ya muhogo yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa kabla ya kumpa. Maganda ya viazi yaliyogeuka kijani usimpe. Minyoo utaijua kwa kufungua kope la chini: likiwa jekundu sawa, likiwa jeupe kama karatasi ana minyoo inayonyonya damu, tafuta albendazoli, lakini usimpe mwenye mimba ya mwezi wa kwanza. Na kuna PPR, ugonjwa wa mbuzi unaoanza kwa machozi na kamasi, vidonda mdomoni, kisha kuhara. Sindano moja ya chanjo humlinda mbuzi miaka 3 na zaidi, kwa hiyo veterineri akipita kartie yenu na chanjo hiyo, usimwache apite.

Maji ya mvua mnayokinga kwenye manjanja ni mazuri siku nyingi za mwaka. Siku ambazo moshi wa Nyiragongo au Nyamulagira unashuka upande wenu, au majivu yanaonekana juu ya majani, mvua ile ya kwanza iacheni ipite, msiikinge. Watu wa Rusayo na Sake wanajua, maji hayo yana ukali, na yana floridi inayoharibu meno, ya wanyama na ya watoto. Majani yenye vumbi la volkano yaoshwe kabla ya kupewa mbuzi. Mbuzi mkubwa anahitaji lita 3 mpaka 5 kwa siku ya jua. Kuku 10 wanamaliza karibu lita 2 na nusu. Najua bei ya bidoni Mugunga. Ndiyo sababu nakuambia ubaki na mbuzi 2 ulio nao, usinunue wa tatu. Wote wawili ni majike, umesema. Azima beberu la mbali, lisiwe ndugu yao, na baada ya miezi 5 utahesabu upya.

Kuku anza na majike 4 au 5 na jogoo 1. Banda dogo lililoinuliwa, vijiti vya kulalia, mlango unaofungwa. Jike atalalia mayai 10 au 12, siku ya 21 vifaranga watoke. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza nusu yao, kwa mwewe, kwa panya, na kwa baridi yetu ya usiku, maana mji huu uko juu, karibu mita 1,500. Waweke na mama yao kwenye tenga kubwa, nyumbani, wiki 4 za kwanza. Wape chenga za mahindi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaushwa na kutwangwa.

Umeuliza kama unaweza kuwawekea mbabula (jiko) ya makala usiku. Hapana, mama. Si chumba cha vifaranga, si chumba chochote ambacho watu wamelala na madirisha yamefungwa. Makala yanayowaka taratibu hutoa hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, ambayo nayo haina harufu, na inaua kwa kiasi kidogo sana kuliko ile ya shimoni. Jaza bidoni la lita 5 maji ya moto, lifunge kitambaa, liweke katikati ya tenga. Litawafikisha karibu na alfajiri.

Swali lako la mwisho lilikuwa dogo, uliliandika pembeni: yule kuku mmoja aliyebaki, mwenye shingo iliyopinda, mchinje au mwache? Asiuzwe, hilo la kwanza. Bado anaweza kutoa virusi kwa wiki kadhaa, na ukimpeleka Kituku utamfanyia mama mwingine kile ulichofanyiwa. Asilipeleke kundi lako jipya kaburini pia, kwa hiyo akae peke yake hizo wiki 4 zote. Shingo inaweza isinyooke kabisa. Kama anashindwa kula hata ukimshikia chakula, mpumzishe na umchome. Lakini umesema anakunywa maji ya kikombe kutoka mkononi mwa binti yako, na jana alikula punje. Kuku wa namna hiyo ameshapigana na ugonjwa na kinga anayo. Inueni chombo chake kifike usawa wa mdomo wake ulivyopinda, mtie mahindi yaliyolowekwa yasimponyoke, na binti anawe mikono kila akimaliza.

Niandikie baada ya wiki 4. Na kama kijana bado ana kizunguzungu au kichwa kinamuuma, usingoje barua yangu, mpeleke kituo cha afya leo, na uwaambie neno mazuku waziwazi.